Neno Safari Limetekwa

Katika mkutano wa mwisho wa walimu wa Kiswahili wa wilaya yetu, mwenzetu mmoja alisimama akatoa hoja ambayo ilipigiwa makofi mengi. Alisema kwamba wanafunzi wetu wamelegea katika somo hili kwa sababu hawaoni faida yake, na kwamba dawa ya ulegevu huo ni kuwaonyesha filamu: zile filamu za mbuga, milima, maziwa na wanyama, ambazo zimewavuta wageni kutoka pande zote za dunia kuja kuitembelea Afrika ya Mashariki. Mwanafunzi akiisha kuona jinsi filamu inavyomtoa mtu Marekani ikamfikisha Kinigi, atatambua kwamba Kiswahili ni lugha ya utalii, na utalii ni fedha. Akapendekeza, aidha, kwamba chama chetu kitunge kijitabu cha mazungumzo ya watalii, kipate kutumiwa darasani badala ya baadhi ya vitabu vya hadithi ambavyo, kwa maneno yake, vimepitwa na wakati. Hoja hiyo itapigiwa kura katika mkutano ujao.

Mimi siku ile nilikaa kimya. Jua lilikuwa limekwisha kuinama, na wengi wetu tuliokuja kutoka mbali tulikuwa tukiwaza magari ya kuturudisha makwetu. Leo naomba nafasi katika jarida hili niseme nilichopaswa kukisema palepale: hoja hiyo ni mbaya, na tukiipitisha tutakuwa tumeufunga mlango wa somo letu kwa mikono yetu wenyewe. Mwenye hoja ni mwalimu hodari, na wanafunzi wake wanampenda. Ninagombana na hoja, sigombani naye.

Nianze kwa kukiri lililo kweli. Filamu huwatia watu hamu ya kusafiri. Jambo hilo halina shaka, na ushahidi wake umesimama juu ya vichwa vyetu, katika ile milima ya Virunga ambayo tunaiona asubuhi ukungu ukiinuka. Mwaka 1963 Mmarekani mmoja, Dian Fossey, alikopa fedha ili aje kuiona Afrika. Huko Kabara, upande wa Kongo wa milima hiyo, waliomchukua msituni akawaone sokwe wa milimani, hao tunaowaita ingagi kwa Kinyarwanda, walikuwa wapiga filamu, Alan na Joan Root kutoka Kenya. Akarudi mwaka 1967 kuwachunguza. Machafuko ya Kongo yalipomwondoa Kabara akavuka akaja kwetu, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo akaanzisha kambi kati ya Karisimbi na Bisoke, akaunganisha majina ya milima hiyo miwili akaiita Karisoke. Bob Campbell akaja kumpiga picha kwa niaba ya National Geographic. Mwaka 1979 televisheni ya BBC ikamwonyesha David Attenborough ameketi katikati ya sokwe hao kama mgeni aliyekaribishwa barazani. Mwaka 1983 kikatoka kitabu cha Fossey mwenyewe; Desemba 1985 akauawa palepale kambini kwake; na mwaka 1988 Sigourney Weaver akaigiza maisha yake katika filamu ya Gorillas in the Mist.

Tangu hapo wageni hawakukatika ila kwa sababu ya vita na maradhi. Nao wamelipa. Tangu Mei 2017 kibali cha mgeni wa kutoka ng'ambo cha kukaa na sokwe kwa saa moja ni dola 1,500, na asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi imetengwa kwa ajili ya wananchi wanaoishi kandokando yake. Hesabu ya mwaka 1981 iliwakuta sokwe wa Virunga wapata 250. Hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 iliwakuta 604. Siwezi kusema kwamba filamu ndizo zilizowaokoa, maana wapo askari wa hifadhi waliolala msituni na mvua ikiwanyeshea, na wapo madaktari wa wanyama. Lakini mgeni aliyeona filamu ndiye aliyefungua mkoba. Anayetarajia kwamba nitazitukana filamu hizo atasubiri sana.

Ninalouliza ni jingine. Katika filamu hizo, nani anasema, na kwa lugha gani?

Fossey anasimulia katika kitabu chake kisa ambacho ningependa kila mwalimu wa Kiswahili akijue. Siku zile za mwanzo Kabara, Alan Root alipokuwa amekwisha kuondoka na kumwacha na wafanyakazi wawili Wakongo, mmoja wao alimjia akamwuliza jambo kwa Kiswahili. Mama wa watu akashikwa na hofu, akasahau maneno yote machache aliyokuwa amejifunza, akakimbilia hemani akajifungia. Baadaye alipojipa moyo na kuomba aelezwe, ndipo alipotambua kwamba yule bwana alikuwa akimwuliza kama atapenda maji ya moto.

Maji ya moto tu! Angalieni, ndugu zangu, mambo mangapi yamo katika kisa hiki kifupi. Yumo mwenyeji aliyemwona mgeni yuko peke yake kwenye baridi ya mlima, akafikiri la kumfaa. Yumo mgeni aliyedhani kwamba sauti asiyoielewa ni sauti ya kumdhuru. Imo aibu yake alipojua maana, na baada ya aibu kukawa kujifunza, kwa sababu Fossey aliendelea kusema Kiswahili na wafanyakazi wake hata Karisoke, ingawa kilikuwa Kiswahili cha kuungaunga. Kwangu mimi hiyo ni safari kamili: mtu ametoka kwao, amekosea, amerekebishwa na lugha ya mwenzake. Nikiwa na dakika arobaini darasani, kisa hicho kinanitosha kwa somo zima.

Sasa itazameni filamu ya mwaka 1988. Ni filamu nzuri, na Weaver ameigiza kwa bidii. Lakini Mwafrika aliye karibu na bibi huyo ni Sembagare, aliyeigizwa na Mkenya John Omirah Miluwi, ambaye husema Kiingereza, na ambaye kazi yake ni kumwongoza mgeni na kumpoza. Ndivyo nilivyoiona mimi: sokwe wana majina, kila mmoja na tabia yake, binadamu wa milima hiyo ni kundi, na maneno yao ni kelele za nyuma, kama mvua.

Mazoea haya ni ya zamani kuliko filamu hiyo. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Kansas, walitoa filamu iitwayo Simba mwaka 1928 na nyingine iitwayo Congorilla mwaka 1932. Mpaka leo katika mji wa Chanute, huko Kansas, ipo nyumba ya makumbusho yao yenye neno Safari katika jina lake. Mwaka 1950 ikatoka King Solomon's Mines, ambayo sehemu zake zilipigwa Afrika ya Mashariki na hapa Rwanda, ingawa kitabu cha Rider Haggard cha mwaka 1885 kilihusu kusini mwa Afrika. Wanyarwanda wakaonyeshwa kwa dunia nzima wakiwa raia wa nchi isiyokuwapo. Mwaka 1953 ikaja Mogambo, ya Clark Gable, jina lisikikalo kama Kiswahili lakini halimo katika kamusi yetu yoyote. Neno la karibu ni mgambo, na wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Basi la mgambo lililia, na jambo lenyewe likawa mabibi wawili wa Kizungu kumgombea mwanamume mmoja kati ya mahema. Mwaka 1962 Howard Hawks akatoa Hatari!, iliyopigwa Tanganyika, ambamo John Wayne anakamata vifaru na twiga kwa ajili ya bustani za wanyama. Hapo angalau neno ni letu na maana yake ni sahihi. Hata alama ya mshangao imewekwa mahali pake.

Kisha mwaka 1994 ikaja filamu ya katuni, The Lion King, iliyowapa watoto wa dunia nzima maneno yetu manne au matano. Simba akabaki simba, rafiki akawa nyani, na kitenzi pumbaa kikageuzwa jina la ngiri. Maneno mawili ya filamu hiyo, hakuna matata, kampuni ya Disney iliyasajili Marekani kuwa alama yake ya biashara kwenye mavazi. Usajili ulikamilika mwaka 2003, na wenye lugha wakaja kupiga kelele mwaka 2018, miaka kumi na mitano mbwa akiwa amekwisha kuondoka na nyama. Nasikia hata walimu wakiuliza, ubaya uko wapi, lugha si inaenea? Lugha yenye makumi ya mamilioni ya wasemaji haieneshwi na fulana.

Lakini neno lililotekwa hasa ni safari.

Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu. Likakaa pwani, likapanda bara pamoja na misafara mpaka Tabora na Ujiji, likavuka ziwa, likafika mpaka huku kwetu. Katika Kiswahili safari ni mwendo wowote wa mtu kutoka hapa kwenda pale akiwa na haja yake: safari ya Makka, safari ya harusini, safari ya kumpeleka mgonjwa hospitali, safari ya mwisho ya kuelekea kaburini. Hata mara ya kutenda jambo huitwa safari, ndiyo maana twasema safari hii sitakubali. Waingereza walilichukua katika karne ya 19. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda Afrika ya Mashariki mwaka 1909, Cherry Kearton alimpiga filamu iliyoonyeshwa mwaka uliofuata, na neno likazidi kuambatana na bunduki, hema na wapagazi wa kubeba masanduku kichwani. Baadaye bunduki ikapunguka, kamera ikazidi, lakini wapagazi wakabaki wapagazi. Likazunguka dunia likiwa na maana hiyo moja, likaandikwa juu ya magari, hoteli na makoti yenye mifuko mingi. Sina neno juu ya hayo. Kila lugha ina ruhusa ya kukopa na kubana, nasi pia tumewabania wengi. Balaa ni kwamba sasa neno linaturudia wenyewe nalo limebanwa vilevile, na tunalipokea kama mgeni wa heshima.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu insha yenye kichwa Safari Nisiyoisahau. Wanafunzi walikuwa 46. Ninaposema yafuatayo sitanii: insha 31 zilianza ndani ya gari lililo wazi juu, katikati ya mbuga. Shule yetu iko Kanama; wengi wa watoto hao hawajafika Akagera wala hawajamwona simba isipokuwa kwenye kioo. Mmoja aliwaweka sokwe Serengeti. Mwingine alinunua kofia pana na darubini, akalala hotelini, akaamshwa na mngurumo wa simba na kuletewa kahawa kitandani. Na mmoja, mvulana mwenye akili, ambaye Kiswahili chake ni safi kuliko cha wenzake, aliandika kwamba gari lao lilipopita katika kijiji, wenyeji walitoka nje wakawapungia mikono kwa furaha, naye akawapungia.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Yeyote anayepajua kwetu anajua kwamba barabara kuu ya kutoka Musanze kwenda Gisenyi inapita katika kituo chetu cha Mahoko. Kila siku magari ya watalii wanaotoka kuwaona sokwe hupita hapo yakiteremka kwenda Ziwa Kivu, na watoto wetu hutoka kandokando ya barabara wakayapungia mikono. Mvulana huyu ni mmoja wao. Amewahi kupunga mkono mara elfu. Lakini alipoambiwa asimulie safari, alipanda ndani ya gari, akajitazama mwenyewe kupitia dirishani, akajiita mwenyeji.

Nani alimfundisha kuona hivyo? Si wazazi wake. Ni filamu, nasi walimu tukanyamaza, tukampa alama 17 kati ya 20, kama nilivyompa mimi.

Kabla ya insha hizo kuandikwa, msichana mmoja alinijia mezani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kuvuka na mama kwenda Goma nako ni safari?" Nikamwambia ni safari. Akasema, "Basi wenzangu watanicheka." Hata hivyo aliandika. Aliandika jinsi walivyoamka saa kumi za usiku, karoti zimekwisha kuoshwa na kufungwa magunia tangu jana. Jinsi mama alivyobishana na mwenye gari pale Mahoko. Msururu wa watu kwenye mpaka ule unaoitwa Petite Barrière, walemavu na magari yao ya kusukuma yaliyojaa mizigo, akina mama waliobeba nyanya juu ya kichwa na mtoto mgongoni. Aliandika jambo ambalo sijalisoma katika kitabu chochote: kwamba mama yake, ambaye nyumbani kwa Kinyarwanda ni mpole na husema maneno machache, akivuka upande wa pili huwa mtu mwingine, hucheka kwa sauti, hutania na kukataa bei, yote kwa Kiswahili. Binti hakujua kwamba mama yake ana Kiswahili kingi kiasi hicho. Alisimama karibu na magunia akimsikiliza kama anayemsikia kwa mara ya kwanza.

Mwenye hoja anasema wanafunzi hawaoni faida ya Kiswahili. Huyu ameiona, tena bila filamu.

Na tuipime hoja yenyewe kwa kipimo chake, yaani fedha. Inadaiwa kwamba filamu huleta watalii, na watalii huhitaji Kiswahili. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili si kweli, walau hapa kwetu. Mtalii aliyelipa dola 1,500 hafiki Kinigi akataka kuelezwa habari za sokwe kwa Kiswahili. Ataelezwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na hoteli ikimpata kijana ajuaye Kijerumani au Kichina itamfurahia zaidi. Tukimwambia mwanafunzi ajifunze Kiswahili kwa ajili ya mtalii, atatuamini mwaka mmoja, kisha ataenda kuomba kazi, ataulizwa Kiingereza chake, naye atajua kwamba tulimdanganya. Haki yake atukimbie. Wanaohitaji Kiswahili chake ni wengine kabisa: mnunuzi wa Goma na Bukavu, mfanyabiashara wa Bujumbura, dereva wa lori anayepandisha shehena kutoka Dar es Salaam akavukia Rusumo, mwenzake anayetoka Mombasa. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge letu likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hakuna aliyesema bungeni kuwa kimepitishwa kwa ajili ya kumwambia mgeni karibu tena.

Ama kuhusu kijitabu, nimebahatika kuuona mswada wa kurasa zake za mwanzo. Mazungumzo ya kwanza ni Jambo, kisha Jambo, kisha Habari, kisha Nzuri sana. Najua kwamba ng'ambo ya mpaka, Goma na Bukavu, watu husalimiana kwa jambo tangu zamani, wala hawakufundishwa na mtalii. Hiyo ni haki ya lahaja yao. Lakini jambo ya kijitabu hiki haikutoka Goma. Imetoka katika hoteli za pwani, ambako kulitungwa hata wimbo wa kuwachangamsha wageni, ule wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa wa mwaka 1982. Mwanafunzi anayeanza hapo hatajua kwa nini twasema hujambo na sijambo, wala hatambui kwamba ndani ya salamu hiyo umo ukanushi, kwamba mtu anamwuliza mwenzake kama hana jambo lililompata. Tutakuwa tumempa ganda na kula tunda sisi. Na badala ya hilo tuondoe vitabu vya hadithi!

Najua nitaambiwa kwamba siku hizi hatupigiwi filamu tu, twajipigia. Ni kweli. Mwaka 2018 ilionyeshwa Rwanda: The Royal Tour, ambamo Rais wetu alimtembeza nchini mwandishi wa Marekani, Peter Greenberg, na mwaka 2022 Tanzania ikazindua ya kwake, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa kiongozi wa safari. Sina ugomvi na filamu hizo. Nchi inatangaza mali yake kwa lugha ya mnunuzi, kama afanyavyo kila mwenye duka mwenye busara. Lakini tangazo la duka huandikwa kwa ajili ya anayepita njiani. Mtoto wa mwenye duka hafundishwi kusoma kwa tangazo hilo, wala haambiwi kwamba nyumba yao ni yale tu yaliyoandikwa ukutani.

Wala tusidhani kwamba yametupata sisi peke yetu. Mji wa Salzburg huko Austria hupokea wageni wengi wanaokuja kwa ajili ya filamu ya Marekani ya mwaka 1965, The Sound of Music. Wageni hao huimba wimbo wa Edelweiss wakiamini kwamba ni wimbo wa jadi wa nchi ile, kumbe ulitungwa na Wamarekani wawili, Rodgers na Hammerstein, kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa mwaka 1959. Wenyeji wengi hawakuwahi kuujua wimbo huo wala filamu yenyewe. Wanachukua fedha za wageni, wanawaonyesha njia, na shuleni wanaendelea kuwasomesha watoto wao mashairi ya Kijerumani. Nauliza, mwalimu wa Salzburg angelipendekeza filamu hiyo iwe kitabu cha lugha, angepigiwa makofi?

Asije mtu akasema nazichukia sinema. Mimi nilijifunza sehemu ya Kiswahili changu mbele ya kioo, katika vibanda vya video ambako tulikuwa tukikaa juu ya mbao tumebanana kama dagaa. Na kama tunatafuta filamu zilizowatia vijana wa mpakani hamu ya kusafiri, tunazo, ila hatuzihesabu kwa kuwa hazina tembo. Ni filamu za Dar es Salaam, zile za Bongo, za marehemu Steven Kanumba na wenzake. Picha zake mara nyingi zilitikisika, sauti ikazidiwa na upepo, na kisa kikavutwa mpaka sehemu ya pili na ya tatu ili kanda iuzwe tena. Mwalimu wa fasihi ana mengi ya kulalamikia humo. Lakini ndani yake watu walisema Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho: walitongoza, walirogana, walidaiwa kodi ya nyumba, walimwamkia mkwe shikamoo. Kanumba alipofariki Aprili 2012, wanafunzi wangu wa wakati ule, hapa Kanama, walikuja darasani na huzuni kama ya msiba wa jirani.

Mwanafunzi wangu mmoja wa siku hizo alitazama filamu hizo mpaka akaweza kuiga lafudhi ya Kinondoni. Alipomaliza shule akapata nafasi ya kuwa utingo kwenye lori, akapita Rusumo, akaenda kuuona huo mji. Aliniletea habari kwamba Dar es Salaam ina joto kuliko inavyoonekana kwenye filamu, na kwamba alipofungua mdomo walimwuliza ni mtu wa Kigoma. Alijivunia sana kudhaniwa hivyo. Leo ana lori lake. Huyo alitolewa kwao na filamu, tena akatoka na lugha mdomoni, na kule alikokwenda alikuta watu wanaomjibu.

Basi napinga kijitabu, na napinga vitabu vya hadithi kuondolewa. Nikishindwa katika kura nitatii uamuzi wa wengi, lakini nitaomba mambo mawili yaandikwe katika kumbukumbu. La kwanza, filamu yoyote itakayoonyeshwa darasani ionyeshwe na swali hili ubaoni: wenyeji wamesema maneno mangapi, na kwa lugha gani? Wanafunzi wahesabu wenyewe. Kuhesabu hakuna upendeleo. La pili, katika mitihani yetu ya majaribio neno safari litumike kwa maana zake zote, na msahihishaji asimpunguzie mtoto alama kwa kuwa safari yake iliishia sokoni.

Insha ya yule msichana ninayo. Ameniruhusu kuisoma mbele ya watu, mradi nisilitaje jina lake. Ina makosa saba ya upatanisho wa kisarufi, nimeyahesabu, na mahali pawili ameandika Kiswahili cha Goma kama alivyokisikia kwa mama yake, nami sikukisahihisha. Siku ya mkutano nitakuja nayo, na nitaomba mwenye hoja aisome yeye mwenyewe kwa sauti kabla ya kura kupigwa.